Ali alisema 'kaka', maandishi yakasema 'Sang-woo'

MJUKUU wangu aliye kidato cha pili alinikatiza nikiwa karibu kutokwa na machozi. Ilikuwa likizo fupi ya katikati ya muhula, mwishoni mwa Juni 2025, na msimu wa tatu wa Squid Game ulikuwa umetoka Ijumaa hiyo. Kabla ya kuuanza alisisitiza turudie sehemu kadhaa za msimu wa kwanza "ndio Babu ukumbuke nani ni nani." Tukafika pale Sang-woo anapomwambia Ali aache kumwita bosi. Mimi nikasoma maandishi ya Kiingereza yaliyokuwa yakipita chini ya skrini: amwite Sang-woo tu. Nikasema, vyema, sasa ni marafiki.

"Babu, hajasema hivyo," akaniambia. "Amemwambia amwite hyung."

Nikamuuliza hyung ni nani. Akanitazama kwa huruma ambayo wajukuu huwatunzia wazee wenye shahada nyingi. Hyung, akanieleza, ni neno ambalo mwanamume humwitia kaka yake mkubwa, au mwanamume yeyote aliyemzidi umri na ambaye amemkubali kuwa wake. Msichana huyu hajawahi kuingia darasa la Kikorea. Amekiokota kwenye tamthilia, sikio likisikia moja na jicho likisoma jingine, hadi akagundua kwamba viwili hivyo havipatani.

Tangu siku hiyo nimeitazama tamthilia nzima upya, misimu yote mitatu, nikilitafuta neno hilo moja. Nataka kudai hapa kwamba asiyelisikia ametazama nusu ya tamthilia. Aidha, nataka kudai kwamba Kiswahili kingeweza kulihifadhi pale ambapo Kiingereza kililitupa. Msomaji ambaye bado hajafika mwisho wa msimu wa tatu na aliweke gazeti chini sasa hivi, asije akanilaumu.

Tuanze na Ali. Ni kibarua kutoka Pakistan anayefanya kazi kiwandani Korea, na mwajiri wake amekataa kumlipa mshahara wa miezi kadhaa. Mwajiri huyo Ali humwita sajangnim, yaani mkurugenzi, kwa heshima zote. Anapoingia katika mashindano yale ya mauti na kukutana na Sang-woo, mtu wa suti aliyesomea Chuo Kikuu cha Kitaifa cha Seoul, naye anamwita sajangnim. Si adabu tu hiyo. Ali amemkalisha Sang-woo kwenye kiti kilekile cha yule aliyemdhulumu. Kisha Sang-woo, ambaye hapo awali alikuwa amempa nauli ya basi, anamshusha kwenye kiti hicho na kumkaribisha nyumbani: niite kaka.

Sasa ndipo gololi zinapoingia. Wachezaji wanajipanga wawili wawili, kila mmoja akidhani atashirikiana na mwenzake, halafu wanaambiwa mmoja lazima amshinde mwingine. Ali anashinda. Sang-woo anamrai, anambembeleza, anamfungia gololi zake katika mfuko na kumvalisha shingoni, na wakati huohuo amekwisha kuzibadilisha kwa vijiwe. Ali anakufa kwa kuwa amemwamini kaka. Ukisoma 'Sang-woo' unaona mtu akimlaghai mwenzake. Ukisikia 'kaka' unaona udhalimu wa aina nyingine kabisa, ambao sisi tuliokulia katika jamii za ukoo tunaujua. Bosi kukuibia ni mambo ya kila siku. Kaka ni jambo jingine.

Mwandishi na mwelekezi wa tamthilia hii, Hwang Dong-hyuk, hakuliacha neno hilo pale. Katika sehemu ya mwisho ya msimu huo, Sang-woo na Gi-hun wamebaki wawili, mvua inanyesha, damu imetapakaa. Wamekulia mtaa mmoja, Ssangmun-dong, na Gi-hun ndiye mkubwa. Sang-woo, akiwa amelala pale chini, anamwita hyung na kumkumbusha walipokuwa watoto, mama zao wakiwaita nyumbani kula. Kumbe hata yeye ana kaka! Neno alilolitumia kama ndoana ya kumnasia Ali ndilo analoishia nalo, na sasa analisema bila hila. Hiyo ni kazi kubwa ya sanaa. Kwa Kiingereza inageuka kuwa mtu anataja jina la rafiki yake wa utotoni, basi.

Tena yuko Jun-ho, afisa wa polisi anayemsaka ndugu yake aliyepotea. Mtu wa kinyago cheusi anamfukuza hadi ukingoni mwa jabali, kinyago kinaondoka, na anayemtazama ni kaka yake mwenyewe, akiwa amemwelekezea bastola. Kwa hiyo katika msimu mmoja neno la ukaka linasemwa na anayedanganywa, na aliyedanganya, na anayepigwa risasi na ndugu yake mwenyewe. Nikiwa mwalimu wa fasihi kwa miaka mingi nimewaambia wanafunzi watafute taswira na jazanda. Sikuwahi kuwaambia watafute namna watu wanavyoitana. Nilikosea.

Je, Kiswahili kingefanyaje? Kwa Ali, jibu ni jepesi mno: 'bosi', halafu 'kaka'. Mtazamaji wa Likoni, wa Kisii au wa Kigoma hahitaji maelezo yoyote. Anajua kwamba kutoka 'bosi' hadi 'kaka' ni safari, na kwamba anayekuruhusu uifanye amekupa kitu. Tuna shemeji, wifi, mjomba, shangazi, ami, mkwe, somo, mwanangu kwa mtoto asiye wangu, mama kwa mwanamke yeyote aliyenizidi umri. Kiingereza cha leo kimebakiwa na majina ya ubatizo.

Kuna pale mwanamke mmoja, Mi-nyeo, anajibandika kwa jambazi Deok-su na kumwita oppa. Hilo ndilo neno la mwanamke kwa kaka yake mkubwa, na pia kwa mwanamume anayempenda au anayetaka ulinzi wake. Manukuu yaliandika neno la kimapenzi la Kiingereza, lile ambalo vijana wetu nao hulitumia kwa wapenzi wao. Ulinzi ukaanguka njiani, mahaba yakabaki. Hapa nakiri Kiswahili cha leo nacho kingekwama kidogo, maana 'kaka' husemwa na wote, wanaume kwa wanawake. Lakini Kiswahili cha kale kilikuwa na 'umbu', neno la ndugu wa jinsia nyingine: dada kwa mwanamume, kaka kwa mwanamke. Tulikuwa na tofauti hiyo, tukaiacha ife ndani ya kamusi. Sisemi tuifufue kwa ajili ya Netflix. Nasema tu kwamba lugha inayoipima jinsia ya msemaji haikuwa ngeni kwetu.

Wala tusijipe sifa zaidi ya tunazostahili. Kikorea hubadilisha mwisho wa kitenzi kulingana na heshima anayopewa anayeambiwa, na vitenzi vyetu havifanyi hivyo. Tukitaka heshima tunaitafuta kwingine: katika shikamoo, katika kuuliza kwa mzunguko, katika 'naomba' badala ya 'nipe'. Mfasiri hodari angepata pa kuiweka. Kuna mengine ambayo hakuna lugha ingeyaokoa. Yule mwanasesere mkubwa wa mchezo wa kwanza, anayegeuza kichwa na kuua anayetikisika, kwa Kikorea anaimba kwamba ua la mugunghwa, ua la taifa lao, limechanua. Manukuu yalitupa taa za barabarani, nyekundu na kijani. Mtoto anayeimba kuhusu ua la taifa huku watu wanamiminiwa risasi! Hebu fikiria jambo hilo, kisha urudi kwenye taa za barabarani.

Haki yake Kiingereza tukipe pia. Neno gganbu, la watoto wanaochangia gololi zao, liliachwa jinsi lilivyo, na mzee Il-nam akapewa nafasi ya kulieleza: baina ya watu hao hakuna changu wala chako. Ndiyo maana neno hilo lilivuka mipaka na kila mtu akalijua. Lililoachwa hai liliishi.

Na kuna tamthilia iliyoonyesha kwamba jambo hili linawezekana. Shōgun ya mwaka 2024, iliyozoa tuzo 18 za Emmy, inazungumzwa sehemu kubwa kwa Kijapani. Baharia Mwingereza aliyekwama Japan haitwi kwa jina lake. Anaitwa Anjin, na manukuu hayakuthubutu kulifuta. Anjin ni anayeongoza chombo baharini. Nilipolisikia nilicheka peke yangu, kwa sababu pwani yetu ina neno lilo hilo, rubani, nalo lilikuwa la majini kabla ya kupanda ndege. Katika sehemu ya tano bwana huyo anatundika ndege wa porini nje ya nyumba akauke, na kwa Kijapani chake cha kuokoteza anasema kwa mzaha atakayemgusa atakufa. Ndege anaoza, mtaa mzima unanuka, hakuna anayethubutu. Mwishowe mtunza bustani, mzee wa watu, anamwondoa na kuuawa. Anjin alidhani amefanya utani. Wenyeji walisikia amri ya bwana wa nyumba. Maneno yaleyale, cheo tofauti. Sijaona siku za karibuni somo bora zaidi la isimujamii kwenye televisheni.

Mtu ataniambia, Profesa, hizi ni tamthilia za watu wengine, tutazame zetu. Zetu natazama, tena sana. Lakini vijana wanaozitazama za Korea ni wetu, na kazi ya kuwaletea Kiswahili ndani yake ni yetu. Si ndoto. Mwaka 2011 televisheni ya taifa ya Tanzania ilionyesha tamthilia ya Kichina iliyoingizwa sauti za Kiswahili, Doudou na Mama Wakwe Zake, na watu waliipenda hadi Rais Xi Jinping akaitaja alipohutubia Dar es Salaam Machi 2013. Azam TV nayo imezungumzisha Waturuki Kiswahili kitamu. Tazama jina lile la Kichina: ni la ukwe. Watu hawakuipenda kwa sababu ya mandhari ya Beijing. Walimjua mama mkwe.

Kinachonitia wasiwasi ni namna kazi hii inavyofanywa hapa. Mwanafunzi wangu wa zamani alipata kibarua cha kutia Kiswahili katika tamthilia moja ya Kikorea. Studio iliyompa kazi haikumpa maneno ya Kikorea, wala mtu wa kumuuliza. Ilimpa maandishi ya Kiingereza na siku nne. Alinipigia simu kuniuliza kwa nini wahusika wanaitana majina hata mbele ya wazazi wao, mbona inasikika kama utovu wa adabu? Nilikuwa sijakutana na hyung bado, kwa hiyo sikuwa na jibu. Alitafsiri alichokiona, na kwa sasa kuna Wakorea mahali fulani wanaozungumza Kiswahili sanifu huku wakiwakosea wakubwa wao heshima. Hiyo ni tafsiri ya tafsiri: kaka alizikwa Kiingereza kilipopita, na aliyekuja nyuma hakuonyeshwa hata kaburi.

Turudi kwenye msimu wa tatu, maana niliahidi kuutazama na nimeutazama. Ni dhaifu kuliko wa kwanza. Matajiri wa vinyago wanaobashiri vifo wanazungumza kama watu wanaosoma bango, na kumfanya mtoto mchanga mshindani ni kutuomba tuamini zaidi ya tunavyoweza. Cate Blanchett anapotokea mwishoni kule Los Angeles unanusa biashara. Lakini bibi Geum-ja, anayemchoma mwanawe wa pekee kwa kibanio chake cha nywele ili kumwokoa mama kijana na kichanga chake, atakaa nami muda mrefu. Hata mke wangu, ambaye hushinda akituambia tuzime televisheni, alisimama mlangoni na sahani mkononi hadi sehemu ile ikaisha.

Halafu ule mwisho. Gi-hun anasimama juu ya mnara, anawaambia wanaotazama kwamba wao si farasi, ni binadamu. Anaanza sentensi nyingine, anaikatiza, na kujiachilia aanguke. Kiingereza kiliandika nomino na kitenzi 'ni', kisha nukta tatu. Kikorea hakina kitenzi hicho hapo, kwa sababu kitenzi chake huja mwisho wa sentensi, na mwisho haukufika. Alichosema ni neno moja, saram, binadamu, na kiambishi kidogo kinachotangaza kwamba huyu ndiye tunayemzungumzia. Hakusema kama ni nini, au anafanya nini, au anastahili nini.

Mjukuu alinipa kalamu. "Haya Babu, wewe ungeandikaje?"

Niliandika: Binadamu… Nikaacha hapo, bila 'ni'.

Akaisoma. "Watu watadhani intaneti imekatika," akasema.