Saa Tisa Alasiri: Namna ya Kuipima Ratiba ya Tamasha la Filamu

Ratiba ya tamasha la filamu ikitoka, wengi hukimbilia filamu ya ufunguzi, kisha ya kufungia, kisha majina ya majaji. Hayo ni mapambo. Filamu ya ufunguzi huchaguliwa kwa kumwangalia mgeni rasmi, wafadhili na wapiga picha, na hata mteuzi dhaifu si rahisi aikosee sana. Mimi husoma kuanzia katikati: siku ya tatu, saa tisa alasiri, ukumbi mdogo, filamu ya mtu ambaye hata waandishi wa burudani hawajawahi kumsikia. Hapo mteuzi aliachwa peke yake na macho yake. Hakuna mfadhili aliyemsukuma aiweke filamu ile, wala hakuna ambaye angemlaumu kwa kuiacha. Ikiwa nzuri, ujue yupo mtu aliyekaa akazitazama kazi zilizoletwa. Ikiwa ya kujaza nafasi, nalo utalijua baada ya dakika ishirini.

Ninazungumzia ufundi ambao hauonekani. Mwongozaji anatajwa, mwigizaji anashangiliwa, lakini anayeamua filamu ipi ionyeshwe, lini, na baada ya ipi, hapandi jukwaani. Kazi yake ni kubwa kuliko inavyodhaniwa. Mwaka 2024 tamasha la Sundance, kule Utah, lilipokea kazi zaidi ya 17,000, na filamu ndefu zilizopita hazikufika 100. Matamasha yetu hayapati mafuriko ya namna hiyo, lakini swali ni lilelile: nani alitazama, na alitazama kwa nia gani?

Mfano wangu utakuwa zaidi Tamasha la Kimataifa la Filamu la Zanzibar, ZIFF, lililoanzishwa 1997 na kuonyesha filamu kwa mara ya kwanza 1998. Ndilo Waswahili wengi wanalolijua, na tangu mwanzo lilijiwekea sharti gumu: liwe tamasha la nchi za jahazi, yaani nchi zilizounganishwa na biashara na ndoa za Bahari ya Hindi. Tuzo yake kubwa ni Jahazi la Dhahabu. Tamasha likijipa jina kama hilo, limekukabidhi rula ya kulipimia.

Basi lipime. Hesabu nchi zilizomo kwenye ratiba, kisha hesabu hiyo uitupe. Siku hizi kupitia mtandao wa FilmFreeway mwongozaji wa popote hutuma kazi yake kwenye tamasha la popote, na tamasha lolote laweza kujisifia wingi wa bendera. Uliza badala yake: Wakomoro wako wapi? Oman je, Somalia, Iran, Kerala? Wazee wa Unguja waliopanga foleni kutazama Awara ya Raj Kapoor, filamu ya 1951, hawakuhitaji kuelezwa kwamba Mhindi ni jirani. Nyimbo zake ziliimbwa na watu wasiojua Kihindi hata neno. Ratiba ya Zanzibar iliyosheheni filamu za Ulaya na kukosa hata moja ya visiwa vya jirani imeupa mlango wake kisogo, hata kama kila filamu iliyomo ni nzuri.

The Gravedigger's Wife ya Khadar Ayderus Ahmed, ya mwaka 2021, ni aina ya kazi ambayo mteuzi wa huku anapaswa kuinusa kutoka mbali. Mwongozaji ni Msomali aliyehamia Finland akiwa kijana, picha zilipigwa Djibouti, na hadithi ni ya mchimba makaburi anayehangaika kupata fedha za matibabu ya figo ya mkewe. Mwaka huohuo ilichukua tuzo kuu ya tamasha la FESPACO, kule Ouagadougou. Fedha za kuitengeneza zilitoka Ulaya, na hilo halinisumbui. Filamu huru chache sana za Afrika zingekuwepo bila fedha za namna hiyo. Ninachokiangalia ni lugha wanayozungumza wahusika wakiwa chumbani kwao. Katika filamu ile mume na mke wanasemezana Kisomali. Ukiona mvuvi na mkewe wanateta kitandani kwa Kiingereza safi, ujue maneno yale yaliandikwa ili yasomwe na kamati ya ufadhili.

Kuna kelele nyingi kuhusu onyesho la kwanza duniani. Matamasha makubwa hugombania haki hiyo, na yetu yameanza kuiga. Mimi sioni faida yake hapa. Supa Modo ya Likarion Wainaina ilianzia Berlin mwaka 2018. Vuta N'Kuvute ya Amil Shivji, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi na inayosimulia Zanzibar ya miaka ya 1950, ilianzia Toronto mwaka 2021. Filamu za namna hiyo kurudi nyumbani ni jambo la lazima, na tamasha linaloziacha kwa sababu zimekwisha kuonwa na Wakanada linajipunja lenyewe. Kasoro ni pale ratiba nzima inapokuwa ya kurudisha tu. Mteuzi anayechukua vilivyokwisha kuchaguliwa Berlin, Cannes na Toronto ni mnunuzi mzuri, lakini hajachagua kitu. Tafuta zile kazi mbili tatu zisizo na muhuri wa tamasha lolote kabla ya hili. Kama hazimo kabisa, kuna mtu hakufanya kazi yake.

Tuje kwenye filamu fupi, maana hapa ndipo ninapokaa muda mrefu kuliko pengine popote. Filamu ndefu ikiwa nzuri inajibeba. Filamu fupi sita au saba zikiwekwa kwenye onyesho moja la dakika tisini zinabebana au zinauana, na hilo liko mikononi mwa mpangaji peke yake. Kwanza tazama jina la fungu. Likiitwa "Wanawake" au "Vijana" au "Afrika", ingia kwa tahadhari, kwani mara nyingi maana yake ni kwamba filamu zimewekwa pamoja kwa kuangalia fomu ya maombi. Fungu lililofikiriwa lina kitu kinachoonekana baada ya filamu ya tatu: zote zina nyumba ambayo mtu mmoja ameondoka, au zote zinahusu kazi ya mikono, au kila moja inamalizika kwa mtu kukataa. Hukuambiwa, umeliona mwenyewe, na filamu ya kwanza inaanza kukurudia kichwani ukiwa unaitazama ya nne.

Kisha tazama mpangilio. Filamu ya kwanza iwe rahisi kuingilika, kwa sababu watu bado wanatafuta viti na mlango unafunguliwa kila mara. Ile nzito kuliko zote hukaa karibu na mwisho, lakini isiwe ya mwisho kabisa, na isifuatwe papo kwa papo na kichekesho. Nimewahi kukaa kwenye ukumbi ambapo filamu ya mama aliyefiwa na mtoto ilifuatwa, bila hata sekunde tano za giza, na vikaragosi vya mbuzi anayecheza muziki. Watu walicheka, na kicheko kile kilimwibia mama yule msiba wake. Filamu zote mbili zilikuwa nzuri. Aliyeharibu ni mpangaji.

Ukitaka kujua mteuzi ana kipaji, angalia anavyooanisha. Ningepewa mimi, ningeiweka Supa Modo jioni moja na Who Killed Captain Alex? ya Nabwana I.G.G., iliyotengenezwa Wakaliga, Kampala, mwaka 2010. Ya kwanza ni hadithi ya kubuni: binti mgonjwa anayeota kuwa shujaa, na kijiji kizima kinajitolea kumtengenezea filamu. Ya pili ni kitongoji halisi kilichotengeneza filamu ya mapigano kwa silaha za kuchonga na majirani kuwa waigizaji, na juu yake sauti ya VJ Emmie akisimulia, akichombeza na kujicheka. Kila moja inaijibu nyingine. Mtazamaji aliyeiona ya kwanza na kutokwa machozi atagundua kwamba ile ya pili, aliyodhani ni ya mzaha, ni ushahidi kuwa mambo kama yale hufanyika kweli. Ratiba yenye ndoa mbili za namna hiyo kwa mwaka inatosha kunilipisha nauli ya boti.

Mahali nako kuna amri zake. Maonyesho makubwa ya ZIFF hufanyika Ngome Kongwe, mbele ya Forodhani, chini ya mbingu. Tamasha huangukia Juni au Julai, mara nyingine Agosti, msimu wa kusi, mvua za masika zikiwa zimekwisha. Limewahi pia kusogezwa ili kuupisha mwezi wa Ramadhani. Jua linazama kama saa kumi na mbili na robo, na kabla ya giza kushika kioo hakionyeshi kitu. Filamu ikianza saa moja kamili, adhana ya isha itaikuta katikati. Mteuzi anayeujua mji haweki pale filamu ya kunong'ona, yenye vyumba vya giza na ukimya mrefu. Upepo na makelele ya wauza pweza vitaimeza. Hiyo huipeleka ukumbi wa ndani. Ngomeni huweka filamu yenye sura pana, muziki na mwanga, inayostahimili kikohozi cha mtazamaji na paka anayekatiza mbele ya projekta. Ukiona kinyume chake, mpangaji alipanga akiwa mbele ya kompyuta katika mji mwingine.

Bongo Movie ndiyo mtihani wa heshima. Kwa miaka mingi filamu hizi zilitoka kwenye kanda na diski za Kariakoo moja kwa moja hadi sebuleni, bila kupitia ukumbi wowote, na zikajenga watazamaji ambao hakuna mwongozaji wa filamu za tamasha aliyewahi kuwapata. Tamasha linalozipuuza lina majivuno. Lakini linalozitengea siku yao, na jukwaa lao, na tuzo zao, kisha likaendelea na "filamu hasa" siku zinazofuata, nalo limefanya dharau ileile kwa tabasamu. Nataka kuona filamu ya Kitanzania ikishindana na ya Kimisri na ya Kihindi kwenye mizani moja, ishinde au ishindwe. Mwaka 2017, tamasha la ZIFF lilipotimiza awamu ya ishirini, lilifunguliwa na T-Junction ya Amil Shivji, filamu ya bajeti ndogo kuhusu wasichana wawili wanaokutana hospitalini Dar es Salaam. Nimesema filamu za ufunguzi ni mapambo. Ile ilikuwa msimamo.

Kwenye maonyesho ya vijijini, Unguja na Pemba, kipimo changu ni kimoja tu: watu wataielewa? Manukuu ya Kiingereza chini ya filamu ya Kituruki, mbele ya watoto na bibi zao, ni kuwafukuza kwa adabu. Na dawa tunayo. Marehemu Lufufu na wenzake walitafsiri filamu za kigeni kwa sauti moja, na vibanda umiza vilijaa kwa sababu hiyo. Sijui kwa nini msimulizi wa namna hiyo asilipwe na tamasha akae na kipaza sauti pembeni ya kioo.

Usiache kusoma maelezo ya filamu kwenye kitabu cha ratiba. Kama kila moja "inagusa hisia" na kila mhusika yuko kwenye "safari ya kujitambua", maelezo yamenakiliwa kutoka kwa watayarishaji na pengine hakuna aliyezitazama kazi zenyewe. Mteuzi aliyetazama anaandika kitu ambacho mtayarishaji asingekiandika: kwamba nusu saa ya mwanzo inakwenda polepole, vumilia.

Kuhusu yaliyokosekana, nenda taratibu. Rafiki ya Wanuri Kahiu ilikuwa filamu ya kwanza ya Kenya kuteuliwa Cannes, mwaka 2018, na mwaka huohuo ikapigwa marufuku kwao hadi mahakama ilipoiruhusu kwa siku saba. Zanzibar ina Baraza lake la Sanaa, Sensa ya Filamu na Utamaduni, na Bara kuna Bodi ya Filamu. Pengo kwenye ratiba huenda si woga wa mteuzi. Mhukumu kwa alichokiweka.

Majaji na tuzo sivitilii maanani sana, isipokuwa jambo moja: tamasha linalotoa tuzo kila mwezi, lisilo na ukumbi wala watazamaji, ni biashara ya kuuza picha za majani ya ushindi za kubandika kwenye bango. Filamu yenye majani ishirini ya namna hiyo naiona maskini kuliko isiyo na hata moja.

Yote haya yanahitaji ratiba iwahi kutoka, na hapa nina ombi kwa waandaaji wa matamasha yetu, kuanzia Unguja hadi Kigali na Goma. Toeni ratiba mwezi mmoja kabla, yenye saa, ukumbi, lugha na urefu wa kila filamu, na maelezo ya Kiswahili yaliyoandikwa na mtu aliyeitazama, jina lake likiwa chini. Ratiba inayotoka siku mbili kabla ya ufunguzi haimpi mtazamaji nafasi ya kuchagua, na mtazamaji asiyechagua ataishia kwenye filamu ya mgeni rasmi.