Kilonyutoni 7.8 za beringi 6205 zinatoka wapi?

Fungua katalogi ya kampuni ya SKF kwenye beringi 6205, ile yenye tundu la milimita 25 inayokaa katika mota nyingi za umeme na pampu za maji. Utakuta namba mbili za mzigo: kilonyutoni 14.8 kwa beringi inayozunguka na 7.8 kwa beringi iliyotulia. Hapo wengi hushangaa. Beringi inayozunguka inawezaje kubeba karibu mara mbili ya iliyosimama?

Namba hizo hazipimi kitu kimoja. Ya kwanza inahusu uchovu wa chuma. Ni mzigo ambao, katika kundi la beringi za aina moja, asilimia 90 zinatarajiwa kumaliza mizunguko milioni 1 kabla chuma hakijaanza kumeguka. Mota ya mizunguko 1,500 kwa dakika huimaliza milioni hiyo kwa saa 11 hivi, kwa hiyo hakuna mhandisi anayeibebesha beringi mzigo huo kwa kazi ya kila siku. Ni namba ya kukokotolea umri. Ya pili, ya mzigo tuli, inajibu swali tofauti kabisa: gololi ikigandamizwa kwenye mfereji wake, itaacha kovu la kina gani?

Msingi wa kulijibu uliwekwa na mtu ambaye hakuwa akifikiria beringi. Heinrich Hertz, mwanafizikia kijana mjini Berlin, alitaka kujua lenzi za kioo hubonyea kiasi gani zikikandamizwa pamoja, maana mbonyeo huo ungeweza kuvuruga vipimo vya nuru. Alilitafuta jibu katika mapumziko ya Krismasi ya 1880 na kuliwasilisha kwa wanafizikia wenzake Januari 1881. Alionyesha kwamba vitu viwili vya mviringo vikigandamizwa havibaki kugusana kwa nukta. Hugusana kwa doa dogo la duaradufu, ambalo shinikizo lake huwa kali zaidi katikati na hufifia kuelekea kingo. Kilele hicho cha katikati ni mara moja na nusu ya wastani. Tena hukua polepole: mzigo ukizidishwa mara 8, shinikizo huongezeka mara 2 tu.

Hertz alitupa hesabu ya gololi moja, ilhali beringi ina kadhaa na hazigawani mzigo sawasawa. Shafti ikilemea chini, gololi za chini ndizo zinazobeba. Za juu hazina kazi. Richard Stribeck, aliyefanya majaribio yake Neubabelsberg karibu na Berlin, alilishughulikia jambo hili katika kazi aliyochapisha mwaka 1901. Katika beringi isiyo na ulegevu wowote, gololi iliyolemewa kuliko zote hubeba mara 4.37 ya fungu ambalo ingelipata kama mzigo ungegawanywa sawa kwa gololi zote. Kwa kuwa beringi halisi huwa na ulegevu kidogo, namba ya kutumia ikawa 5.

Sasa tuirudie 6205. Ina gololi 9, kila moja ikiwa na kipenyo cha milimita 7.94. Nyutoni 7,800 zikigawanywa kwa 9 kisha kuzidishwa mara 5, gololi ya chini kabisa inapata nyutoni 4,330 hivi, sawa na uzito wa kilo 440. Mzigo huo wote unapita kwenye doa lenye urefu wa karibu milimita 4 na upana wa nusu milimita, yaani eneo la milimita mraba 1.5 hivi juu ya ringi ya ndani. Wastani wa shinikizo unakuwa karibu megapaskali 2,900, na kilele, kwa kanuni ya Hertz, kinafika jirani ya 4,300.

Namba hiyo haikuja kwa bahati. Kiwango cha kimataifa ISO 76 kinasema mzigo tuli wa beringi ya kawaida ya gololi ni ule unaozaa megapaskali 4,200 katikati ya mguso uliolemewa zaidi. Kwa beringi za gololi zinazojipanga zenyewe kikomo ni 4,600, na kwa beringi za rola ni 4,000. Vikomo vimetofautiana, ila shabaha yake ni moja: gololi au rola pamoja na mfereji wake vibaki na mbonyeo wa kudumu usiozidi takriban sehemu 1 kati ya 10,000 ya kipenyo cha gololi au rola hiyo. Kwa 6205 huo ni chini kidogo ya sehemu 1 kati ya 1,000 ya milimita. Uzoefu ulionyesha kuwa mashine nyingi huvumilia kovu la namna hiyo bila mtumiaji kulihisi.

Mtengenezaji hana haja ya kuipita njia hii yote kila mara. ISO 76 imeifupisha: zidisha kigezo cha umbo la beringi, idadi ya safu, idadi ya gololi, mraba wa kipenyo cha gololi, na kosaini ya pembe ya mguso. Kwa 6205 kigezo ni 13.9, safu ni 1, na pembe ni sifuri kwa hiyo kosaini ni 1. Basi 13.9 mara 9 mara 63 inatupa nyutoni 7,880 hivi, na katalogi za watengenezaji mbalimbali zinaandika 7,800 au 7,850.

Kwa mtumiaji, kazi inaanzia hapo. Mzigo wa mashine mara nyingi una sehemu mbili, ule unaokandamiza shafti kutoka ubavuni na ule unaoisukuma kwa urefu wake. Kwa beringi ya mfereji wa kina huunganishwa hivi: 0.6 ya mzigo wa ubavuni kujumlisha 0.5 ya ule wa urefu. Chukua puli ya mkanda inayovuta kilonyutoni 3 ubavuni na kusukuma 1 kwa urefu. Jibu ni 2.3, na hapa ndipo wengi wanapoteleza. Jibu likiwa dogo kuliko mzigo wa ubavuni peke yake, linaachwa na mzigo wa ubavuni ndio unaotumika. Kwa hiyo tunagawanya 7.8 kwa 3 na kupata kiwango cha usalama cha 2.6.

Je, 2.6 inatosha? Inategemea mashine. Palipo na kelele nyingi na mtikisiko usiojaliwa, 0.5 huweza kukubalika. Kwa kazi ya kawaida huchukuliwa 1, na pale utulivu unapotakiwa, kama kwenye mota ya feni, 2 au zaidi. Ndiyo maana 7.8 haipaswi kusomwa kama mpaka wa kuvunjika. Beringi iliyopitishwa hapo bado ni nzima. Imeongezewa kovu tu. Lakini kovu hukua kwa kasi kuliko shinikizo. Kwa kanuni ya Arvid Palmgren wa SKF, mzigo ukiongezeka mara 2, kina chake huongezeka karibu mara 4.

Kwa sababu hiyo mzigo wa kuingiza katika hesabu hii ni ule wa kilele, hata ukidumu kwa kufumba na kufumbua: mkanda kukaza ghafla, gari kuingia shimoni, mashine kudondoshwa wakati wa kupakuliwa. Wastani wa siku nzima ni wa hesabu ya umri. Na kilele kibaya kuliko vyote huenda kikatokea kabla mashine haijawashwa. Fundi anayeingiza beringi kwenye shafti inayobana kwa kugonga ringi ya nje hupitisha kila pigo kwenye gololi, na mfereji hubaki na alama zilizopangana kwa nafasi zilezile za gololi. Mashine ikiwaka, inanguruma tangu siku ya kwanza. Ringi inayobana ndiyo inayopaswa kusukumwa, kwa bomba la kipenyo chake au kwa presi, ili nguvu isipite kabisa kwenye gololi. Usipofanya hivyo, kiwango cha 2.6 ulichokikokotoa kwa makini kitakuwa kimeliwa karakanani.