Kumwonea Wivu Marehemu

Jamani, mtu anaweza kumwonea wivu maiti? Nilidhani upuuzi, mpaka niliposoma Maison Ikkoku, katuni ya Kijapani ya Rumiko Takahashi iliyotoka 1980 hadi 1987. Niliisoma kwa Kiingereza changu cha kidato cha nne nikingoja pantoni ya Bweni, nikicheka peke yangu kama chizi.

Godai kafeli mtihani wa kuingia chuo kikuu, hana hela, na anampenda Kyoko, msimamizi wa nyumba aliyopanga. Kyoko ni mjane. Mpinzani mmoja, Mitaka, ana gari, anafundisha tenisi, ila anaogopa mbwa. Huyo unamcheka, yakaisha. Lakini marehemu Soichiro utamfanyaje? Hazeeki, hakosei, hata mbwa wa nyumbani anaitwa kwa jina lake!

Vichekesho vyetu vimezoea wivu wa fumanizi: mlango unapigwa teke, mtu anarukia dirishani, basi. Takahashi anakuchekesha huku kakubana kifua. Kasoro yake ni kurefusha: kila Godai akitaka kusema la moyoni, mtu anaingilia. Mara ya kumi nilisonya.

Ila pale kaburini nilinyamaza. Godai anamwambia marehemu kwamba atamchukua Kyoko pamoja na yeye Soichiro aliyemo moyoni mwake.

Sasa mimi, katika mswada wangu, mpinzani nilimzamisha baharini ukurasa wa 40, nikajua nimemmaliza. Kumbe ndipo alipoanza kushinda. Naandika upya kuanzia wa 41.