Wasomaji wa Kutu

Mthamini wa panga za kale Japani huanza pale mnunuzi asipotazama. Hung'oa kijiti cha mwanzi, huvua mpini, kisha husoma mkia wa chuma uliojificha humo. Kutu yake nyeusi haisuguliwi kamwe: ndiyo shahidi wa umri, na anayeing'arisha amefuta ushahidi. Saini ya mhunzi peke yake haitoshi. Za kughushi zimejaa tele. Basi hulinganisha alama za tupa, umbo la bapa na mawimbi ya makali chini ya taa, bila kuligusa bapa kwa vidole, jasho lisije likalila. Hata tsuba, ile kinga ya mkono, hukaguliwa tunduni.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, 1945, panga nyingi zilitwaliwa na kuharibiwa. Wajuzi wa aina hii ndio waliozitetea zile za sanaa, na mwaka 1948 wakaunda chama cha kuzihifadhi.