Sharti na Jibu: Kiswahili Mbele ya Jedwali la Ukweli

Miongoni mwa mambo yanayowatatiza wanafunzi wa mantiki ya hisabati, sentensi ya masharti huchukua nafasi ya mbele. Vitabu hufundisha kwamba sentensi ya namna ya "ikiwa A, basi B" ni ya uwongo katika hali moja tu, yaani A ikiwa kweli na B ikiwa uwongo. Katika hali tatu zilizobaki sentensi huhesabiwa kuwa ya kweli. Kwa hiyo "ikiwa 2 ni witiri, basi Nairobi iko pwani" ni kweli. Mwanafunzi akicheka, hudhaniwa kwamba hakuelewa, na pengine lawama hutupiwa lugha yake. Lawama hiyo haina msingi, wala kicheko hicho si cha ujinga.

Fasili yenyewe ni kongwe. Philo wa Megara aliitetea zaidi ya miaka 2,200 iliyopita, na Gottlob Frege akaipa alama yake katika kitabu alichokitoa mwaka 1879. Frege alitahadharisha kwamba alama ile haibebi uhusiano wa sababu na tokeo ulio ndani ya neno la Kijerumani la sharti. Yaani mwasisi mwenyewe alikiri kwamba lugha ya kawaida inasema zaidi ya jedwali. Basi pengo hilo si la Kiswahili peke yake.

Hata hivyo, haifai kudai kwamba kiambishi -ki- kimefungwa katika wakati na sababu tu. Methali "Ukiona vyaelea, vimeundwa" yatosha kupinga dai hilo. Kuunda kumetangulia kuona. Kuona hakukusababisha kuunda. Sharti hapa ni dalili, na jibu ni hitimisho linalotokana na dalili hiyo. Vilevile "Ukitaka cha mvunguni, sharti uiname" hutenganisha lililo lazima na linalotosha. Hapana akipataye cha mvunguni bila kuinama, lakini wako wanaoinama wakatoka mikono mitupu. Tofauti ambayo mwalimu wa mantiki huifafanua kwa saa nzima imo katika kinywa cha kila mzee.

Kosa linalojulikana sana nalo limo humo humo. Asikiaye "Usipoziba ufa, utajenga ukuta" huongeza moyoni kwamba akiziba ufa hatajenga ukuta. Methali haikusema hivyo. Ukuta uliozibwa ufa waweza kubomolewa na mafuriko. Mwaka 1971 Michael Geis na Arnold Zwicky walionyesha kwamba wasemaji wa Kiingereza nao hualikwa na sentensi za masharti kuongeza maana kama hiyo. Kwa hiyo ni desturi ya mazungumzo, wala si upungufu wa sarufi ya Kibantu.

Jedwali lenyewe huanza kueleweka linapotolewa katika mifano ya kipuuzi na kurudishwa kwenye hisabati. Chukua kauli: "Namba nzima ikigawanyika kwa 4, haikosi kugawanyika kwa 2." Namba 8 hugawanyika kwa zote mbili. Namba 6 haigawanyiki kwa 4 lakini hugawanyika kwa 2. Namba 7 haigawanyiki kwa yoyote. Hakuna msemaji wa Kiswahili atakayesema kwamba 6 au 7 imeivunja kauli hiyo. Cha kuivunja kingekuwa namba inayogawanyika kwa 4 na kukosa kugawanyika kwa 2, nayo haipo. Zile hali tatu za jedwali ndizo hizi: 8, 6 na 7.

Mpaka wa jedwali huonekana katika -ngali-. Linganisha "Lau Mombasa isingalikuwa pwani, isingalikuwa na bandari" na "Lau Mombasa isingalikuwa pwani, ingalikuwa na bandari." Kwa kuwa Mombasa iko pwani, sharti ni uwongo, na jedwali huzikubali zote mbili. Msikilizaji huikubali ya kwanza na kuikataa ya pili, naye ana haki. Ndiyo maana wanafalsafa kama David Lewis, katika kitabu chake cha 1973, walizitafutia sentensi za aina hii nadharia nyingine. Mwalimu anayetumia -nge- au -ngali- kufundishia jedwali hujitakia matata mwenyewe, kisha humlaumu mwanafunzi.

Yafaa basi wafasiri wa hisabati waache kutafuta neno moja litakalofaa kila mahali. "Haikosi" na "haiwi A bila ya B" hutaja waziwazi hali ile moja inayokatazwa, na hazidai sababu yoyote. -ki- ipewe nafasi yake pamoja na tahadhari, na -ngali- ibaki nje ya jedwali. Kiswahili kina vyombo vya kutosha kwa kazi hii. Kinachotakiwa ni kujua kila chombo kinakata nini.