Sonos, Mei 2024: Kosa la Kuiondoa Programu ya Zamani

Uamuzi wa kampuni ya spika ya Sonos wa kuiondoa programu yake ya simu tarehe 7 Mei 2024, na kuwapa wateja wa dunia nzima programu mpya isiyokamilika bila kuwaachia njia ya kurudi kwenye ile ya awali, ulikuwa kosa la wazi, na maelezo yaliyotolewa baadaye na viongozi wa kampuni hiyo hayajalipunguzia uzito. Wachambuzi wengi wamelitazama tukio hilo kama aibu ya waandishi wa programu, wakahesabu hitilafu moja baada ya nyingine na kuuliza ni nani aliyeandika msimbo ule, ilhali toleo la kwanza la programu yoyote kubwa huwa na hitilafu, na anayestahili kuhojiwa ni yule aliyeamua kwamba hitilafu hizo ziwafikie watu wote kwa pamoja. Uamuzi wa namna hiyo ni wa usimamizi wa bidhaa, yaani kazi ya kuamua nini kitengenezwe, kitolewe lini, kwa nani na kwa masharti gani, na lawama zinapaswa kuanzia hapo.

Yaliyotokea yanajulikana. Kwa mwenye spika za Sonos, programu ya simu ni sehemu ya kifaa chenyewe: ndiyo inayounganisha spika za sebuleni na za jikoni, ndiyo inayochagua wimbo na kupandisha au kushusha sauti, na bila hiyo sehemu kubwa ya alichokilipia haipatikani. Programu mpya ilipofika, mteja hakuweza kupanga wala kubadilisha kengele ya kumwamsha, hakuweza kuweka muda wa muziki kujizima usiku, hakuweza kuongeza wimbo kwenye foleni ya nyimbo wala kuhariri orodha zake, na nyimbo alizohifadhi kwenye kompyuta yake mwenyewe hazikupatikana tena kama zamani. Sauti ilichelewa kubadilika baada ya kitufe kuguswa, na mara nyingine spika zilitoweka kabisa kwenye skrini. Wasioona waliumia kuliko wote, kwa kuwa kisoma skrini, yaani zana inayotamka maandishi na vitufe vilivyo kwenye simu, hakikufanya kazi ipasavyo ndani ya programu hiyo, na hivyo mtu aliyejiendeshea muziki wake kwa miaka mingi akalazimika kumwomba mwingine amfanyie. Muda mfupi baada ya malalamiko kuanza kampuni ilitangaza ratiba ya kurejesha baadhi ya uwezo uliokosekana, na ratiba ya namna hiyo haiwezi kuandikwa na watu wasiojua walichokuwa wamekiacha nje.

Meneja wa bidhaa aliyekabidhiwa programu katika hali hiyo alikuwa na njia tatu, na zote ni za kawaida katika kazi hii. Angeweza kusubiri. Angeweza kuitoa programu mpya kando ya ile ya zamani, zikakaa mbili kwenye simu moja na kila mteja akahamia siku atakayoridhika kwamba ile mpya inamtosha. Au angeweza kuisambaza hatua kwa hatua, yaani kuwapa kwanza watumiaji wachache, kupima yanayowapata, na kusimama pale kasoro zinapojitokeza. Njia hii ya tatu wala haihitaji kubuniwa upya, kwa sababu duka la programu la Apple lina utaratibu wa kusambaza sasisho kwa siku 7, kuanzia asilimia 1 ya watumiaji ambao simu zao hujisasisha zenyewe hadi kufikia wote, huku msanidi akiwa na uwezo wa kusitisha zoezi katikati, na duka la Google humwachia msanidi achague asilimia anayoitaka. Sonos ilichagua njia ya nne, ambayo ni kuiweka programu mpya mahali pa ile ya zamani kama sasisho la kawaida, kiasi kwamba wengi waligundua mabadiliko hayo pale tu walipofungua simu wasikilize muziki.

Jambo zito zaidi lilijulikana Agosti, miezi mitatu baadaye. Baada ya kutafakari kuirudisha programu ya zamani, mtendaji mkuu wa wakati huo, Patrick Spence, alieleza kwamba hilo halikuwezekana tena, kwa kuwa programu za Sonos hazikai kwenye simu peke yake bali pia ndani ya spika na kwenye wingu, yaani kompyuta za mbali ambazo vifaa vya nyumbani huwasiliana nazo kupitia intaneti, na sehemu hizo zote zilikuwa zimebadilishwa tangu Mei. Maelezo hayo yalipokelewa na wengi kama utetezi wa kiufundi, na kwa hakika yanaeleza kwa usahihi hali ilivyokuwa mwezi Agosti. Lakini hali hiyo haikuletwa na mvua wala tetemeko. Mfumo wenye tabaka tatu, simu, spika na wingu, unaweza kubadilishwa tabaka moja baada ya jingine, huku kila tabaka jipya likiendelea kuielewa lugha ya tabaka la zamani, sifa ambayo wahandisi huiita uoanifu na matoleo ya nyuma. Programu ya zamani ya Sonos ilizungumza na spika moja kwa moja ndani ya mtandao wa nyumbani, na spika zingeweza kuachwa ziendelee kuisikiliza kwa mwaka mmoja au miwili wakati programu mpya ikikomazwa. Kufanya hivyo kuna gharama, kwa maana wahandisi hulazimika kutunza njia mbili za mawasiliano na kuzijaribu zote mbili kila mara, na meneja anayetazama bajeti huiona gharama hiyo kama hasara tupu. Gharama hiyo ndiyo bima ya kurudi nyuma, na kampuni isiyoilipa haina haki ya kusema baadaye kwamba ufundi ndio uliokataa.

Kwa nini basi haraka ile? Tarehe zenyewe zina mengi ya kusema. Tarehe 21 Mei, wiki mbili baada ya programu kutolewa, Sonos ilitangaza Ace, vipokea sauti vyake vya kwanza vya kuvaa kichwani, kwa bei ya dola 449, vikaingia sokoni tarehe 5 Juni. Kwa kampuni iliyokuwa ikitafuta soko jipya nje ya sebule, bidhaa hiyo ilikuwa kubwa, na vyombo vya habari vya Marekani baadaye viliripoti kwamba wapo wafanyakazi walioonya mapema kuwa programu haikuwa tayari. Kalenda ya vifaa ikawa bwana wa kalenda ya programu. Mtindo huu si wa Sonos peke yake, na safu za uchambuzi zimeulalamikia kwa miaka mingi bila kusikilizwa: tarehe ya uzinduzi inapangwa kwanza, ukumbi unakodiwa, kisha wahandisi wanaulizwa kama wataweza, wakati jibu lao halina tena uwezo wa kubadilisha chochote.

Lipo pia fundisho moja linalotumiwa vibaya katika vyuo vya biashara na katika ofisi za teknolojia tangu mjasiriamali Eric Ries alipolieneza kwa kitabu chake cha mwaka 2011, fundisho la kuanza na bidhaa ya awali yenye vipengele vichache vinavyotosha kuijaribu sokoni, ili kampuni ijifunze kutoka kwa watumiaji kabla ya kutumia fedha nyingi. Kwa kampuni changa isiyo na mteja hata mmoja, fundisho hilo ni la busara na limeokoa mitaji mingi. Kwa kampuni yenye mamilioni ya nyumba ambazo tayari zimelipia bidhaa na kuizoea, halifai hata kidogo, kwa sababu kiwango cha chini kinachotosha hapo kimekwisha kuwekwa na bidhaa ya jana, na kila uwezo unaoondolewa ni mali ya mtu inayochukuliwa bila idhini yake. Wasimamizi wa bidhaa wanaosema kwamba vipengele vilivyokosekana vitarudi katika matoleo yajayo wanasahau kwamba mteja hakununua ahadi.

Ajabu ni kwamba kampuni hii hii, chini ya Spence huyo huyo, ilikuwa imekwisha kufundishwa somo hili na ikalijibu vizuri. Januari 2020 ilitangaza kwamba spika zake kongwe hazitapata tena masasisho, wateja wakakasirika, na ndani ya siku chache Spence akaandika barua ya kuomba radhi na kuahidi kwamba mifumo ya zamani itatunzwa. Juni mwaka huo programu ikagawanywa katika mbili, S2 kwa vifaa vipya na S1 kwa vifaa vikongwe, kila moja ikisimama peke yake. Hakuna aliyelazimishwa, na ghadhabu ikatulia. Miaka minne baadaye busara hiyo haikuonekana popote.

Wakongwe wa kazi hii walijua namna ya kuhamisha watu. Apple, baada ya kuinunua NeXT mwishoni mwa mwaka 1996, iliandika upya mfumo mzima wa uendeshaji wa kompyuta zake, kazi nzito mara nyingi kuliko programu ya kuendeshea spika, na Mac OS X ilipotoka tarehe 24 Machi 2001 haikuweza kuonyesha filamu za DVD wala kuandika kwenye CD. Upungufu huo ulikuwa mkubwa, lakini hakuna mtumiaji aliyeamka asubuhi akakuta filamu zake hazichezi, kwa sababu Steve Jobs, kiongozi wa Apple, na Avie Tevanian, aliyeongoza upande wa programu, waliuacha mfumo wa zamani, Mac OS 9, ndani ya kompyuta zile zile. Kompyuta mpya ziliendelea kuwaka kwa mfumo wa zamani kama chaguo la kwanza hadi Januari 2002, na sehemu maalumu iliyoitwa Classic iliendesha programu za zamani ndani ya mfumo mpya kwa miaka kadhaa baada ya hapo. Jobs aliufanyia Mac OS 9 mazishi ya jukwaani mbele ya wasanidi Mei 2002, zaidi ya mwaka mmoja baada ya mrithi wake kutoka. Kwanza mrithi alikua, kisha mazishi yakafuata.

Wasomaji wa Afrika Mashariki hawahitaji kwenda California kutafuta mfano. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 ikiwa menyu ndani ya kadi ya simu, ikitumika kwenye simu za bei ya chini kabisa, na Safaricom ilipotoa programu yake ya simu janja mwaka 2021 haikuigusa menyu ile. Mama muuza mboga anaendelea kutuma na kupokea fedha kama alivyozoea, na kijana mwenye simu janja anatumia programu mpya, wote wakifika kwenye akaunti zile zile. Huo ndio usimamizi wa bidhaa unaowaheshimu wenye bidhaa.

Wapo watakaosema kwamba kosa la Sonos lilikuwa kuandika upya programu badala ya kuikarabati, wakitukumbusha kampuni ya vivinjari ya Netscape, ambayo iliutupa msimbo wake wa zamani na kukaa bila toleo kubwa jipya hadi Netscape 6 ya Novemba 2000, wakati Microsoft ikiliteka soko la vivinjari. Hoja hiyo ina ukweli kuhusu Netscape, na haihusu kisa hiki. Programu ya zamani ya Sonos ilibeba deni kubwa la kiufundi, yaani mrundikano wa njia za mkato za miaka mingi unaofanya kila badiliko jipya liwe gumu, na kuiandika upya kulikuwa na sababu nzuri. Ukurasa wa mwanzo wa programu mpya ni mzuri, na wahandisi waliorejesha vipengele mfululizo katika miezi iliyofuata walifanya kazi ya kusifiwa.

Malipo ya uamuzi ule yalikuwa makubwa. Spence aliomba radhi hadharani tarehe 25 Julai, wiki 11 baada ya kutolewa kwa programu. Agosti kampuni iliahirisha bidhaa mbili, ikakadiria kutumia kati ya dola milioni 20 na 30 kurekebisha hali, na kuwaachisha kazi watu wapatao 100. Tarehe 1 Oktoba ikatoa ahadi kadhaa, zikiwemo ile ya kufanya majaribio mapana zaidi kabla ya kutoa matoleo, na ile ya kuanzisha mabadiliko makubwa hatua kwa hatua. Ahadi hiyo ya pili ndiyo ile njia ya tatu, iliyokuwepo tangu mwanzo bila malipo. Tarehe 13 Januari 2025 Spence aliondoka na Tom Conrad akashika nafasi yake.

Programu ya zamani, ile ya S2, haikurudishwa. Programu ya S1, iliyoachwa mwaka 2020 kwa ajili ya spika kongwe ambazo kampuni ilitaka kuzipa kisogo, iliendelea kufanya kazi muda wote huo, kengele zake zikilia kwa wakati.