Karatasi au Kioo?

Mwishoni mwa mwaka 2020, kampuni ya Haynes ya Uingereza ilitangaza kwamba haitatoa tena kwa karatasi miongozo mipya ya kutengeneza magari. Mipya ingetolewa kwa njia ya kidijitali, na ile ya zamani ingeendelea kuchapwa. Sisi wenye magari ya zamani tulisikitika mno. Mimi nilifika mahali pa kusema kuwa kitabu ni mwalimu na kioo ni dalali tu. Leo napenda kuipima upya kauli yangu hiyo, kwa sababu imenigharimu.

Kwanza tuvipe vitabu haki yao. John Haynes alipokuwa mwanajeshi wa anga wa Uingereza kule Aden, alimsaidia mwenzake kuijenga upya Austin-Healey Sprite, huku akipiga picha kila hatua. Kutokana na kazi ile ulizaliwa mwongozo wake wa kwanza, mwaka 1966. Jambo la kusifiwa hapa ni mbinu: gari linafunguliwa kweli, linafungwa kweli, ndipo kitabu kinaandikwa. Mtu aliyezoea kufundisha walimu atatambua mara moja kwamba huyu ni mwandishi aliyelifanya somo kabla ya kulifundisha.

Hata hivyo, miongozo ya namna hii ina kasoro moja kubwa. Hueleza kwa urefu jinsi ya kufungua kifaa, kisha humwambia msomaji arudishe kwa kufuata hatua zilezile kinyumenyume. Mwalimu yeyote anajua kwamba kurudi si sawa na kwenda. Boliti iliyofunguka kwa urahisi haisemi ikazwe kwa nguvu kiasi gani.

Kwa wenye Volkswagen Beetle kuna kitabu kingine, alichokitoa John Muir mwaka 1969 na kuchorwa na Peter Aschwanden. Huyu anaongea na msomaji asiyejua lolote, tena bila kumdharau. Anamtaka asikilize, anuse na apapase kabla ya kushika spana. Kitabu chake kimefungwa kwa waya wa mviringo, hivyo hulala wazi chini ya gari bila kujifunga. Mtu anaweza kuliona jambo hilo dogo, lakini mwenye mikono miwili tu, yote ina grisi, ataliona ni nusu ya thamani ya kitabu.

Sasa nije kwenye kisa changu. Nina Beetle ya mwaka 1968. Mwongozo wake wa karatasi niliurithi kwa rafiki yangu, mwalimu mwenzangu aliyekwisha tangulia mbele ya haki, pamoja na gari lenyewe. Wakati wa kuseti tapeti ulipofika, macho yangu hayakuweza tena kusoma maandishi madogo ya kitabu kile. Mjukuu wangu akasema, "Babu, kitabu cha nini? Nakala yake ninayo hapa." Akafungua kishikwambi, akaandika neno moja, na kwa sekunde chache tarakimu ikawa mbele yetu, kubwa kama herufi za ubaoni: milimita 0.10. Tukapima kwa fila injini ikiwa baridi, tukafunga. Ikanguruma kwa utulivu, nami nikafurahi.

Wiki chache baadaye gari likaishiwa nguvu mlimani. Fundi alipofungua alikuta valvu ya kutolea moshi ya silinda ya tatu imeungua. Katika injini za miaka ile, kipoza oili kimewekwa ndani ya njia ya upepo wa feni, na silinda ya tatu hupokea hewa iliyokwisha kupashwa moto. Valvu hupoa inapokalia kiti chake. Mwanya ukiwa finyu, haikai sawasawa, na joto halina pa kwenda. Siapi kwamba tarakimu ile peke yake ndiyo iliyoiunguza, kwa maana injini ni kongwe. Lakini haikuisaidia.

Nilikwenda nyumbani nikiwa na hasira na kioo. Nikachukua miwani na kitabu changu ili nimwonyeshe kijana ukweli. Lahaula! Kitabu nacho kilikuwa kimechapwa 0.10. Nakala ya kidijitali ilikuwa picha ya kurasa zilezile. Ila pembeni, kwa kalamu ya wino wa buluu, marehemu alikuwa amekata tarakimu ile na kuandika 0.15, na chini yake, "wamebadili." Ni kweli, watengenezaji wenyewe waliongeza kipimo hicho baadaye, baada ya uzoefu.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari lilikuwepo, kabatini mwangu, nami niliyejigamba kuwa mtetezi wa karatasi sikulifungua.

Basi tuchague kipi? Nakala ya kidijitali ina heri zake, na ni ukaidi kuzikataa. Huwakuzia maandishi wenye macho kama yangu. Huokoa vitabu visivyopatikana tena madukani. Huweza kusahihishwa bila kungoja toleo jipya. Lakini hujibu ulichouliza tu, na anayeanza kujifunza hajui bado la kuuliza. Kitabu humlazimisha apite kurasa ambazo hakuzitafuta, na humwachia nafasi pembeni ya kuandika alichokigundua.

Ushauri wangu kwa msomaji ni huu. Kabla ya kubishana juu ya karatasi na kioo, tazama mwongozo ni wa gari la mwaka gani, injini gani, na umetolewa lini. Kisha tafuta kama kuna aliyeusahihisha. Ukiwa na nakala ya kioo, chapa kurasa za kazi ya siku hiyo, uzitie grisi, uandike pembeni, uzihifadhi. Ukiwa na kitabu, usikiache kiwe safi mno, maana kitabu safi cha fundi ni dalili ya kazi isiyofanyika.

Mjukuu wangu alipiga picha ukurasa ule wenye wino wa buluu na kuuingiza katika nakala yake. Nilimwomba aandike chini yake jina la marehemu na jina lake mwenyewe, pamoja na mwaka, na valvu iliyoungua nayo aitaje. Aliniuliza kama kuna atakayeisoma. Nikamjibu kwamba marehemu naye hakujua.